Vyeti viwili, kihisi kimoja: tofauti ya asilimia 2 imetoka wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye kampuni inayopima paili, zile nguzo za msingi zinazopigwa ardhini kwa nyundo, ofisi yetu iko Kurasini. Tuna kihisi cha marejeo cha mchapuko, yaani cha kupima jinsi mwendo unavyobadilika, kile tunachokitumia kukagua vihisi vya saiti kwenye meza ya mapigo. Mwaka juzi kilikwenda kufanyiwa ugezi wa mshtuko, yaani kupigwa pigo linalojulikana ili usomaji wake uhakikiwe, kwenye maabara ya taifa ya nchi moja, kikarudi na usikivu wa 0.1021 pC/(m/s²), ndiyo chaji kinayoitoa kwa kila m/s² moja ya mchapuko. Mwaka huu kimekwenda nchi nyingine, kimerudi na 0.1042. Hiyo ni tofauti ya asilimia 2. Bosi anasema kihisi kimekufa. Mshauri wa mradi anasema maabara moja imekosea. Tumsikilize nani? Na hizo maabara kubwa zenyewe, nani anazikagua?"

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwa kunitumia picha za vyeti vyote viwili, kurasa zote, maana watu wengi huniletea ukurasa wa kwanza wenye muhuri tu, wakati jibu limekaa ukurasa wa tatu.

Kwa nilichokiona, kihisi chako ni kizima, na sioni ushahidi kwamba maabara yoyote imekosea. Maabara ya kwanza ilikipiga kihisi chako pigo la 1,000 m/s² lililodumu milisekunde 2. Ya pili ilikipiga pigo la 5,000 m/s² lililodumu milisekunde 0.2. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja lilipata jibu lake. Nakusihi kitu kimoja kabla ya vyote: usizijumlishe namba hizo ukagawa kwa mbili. Najua mkono unawasha kufanya hivyo, lakini wastani huo hautakuwa cheti cha maabara yoyote, wala hautakuwa sahihi kwa pigo lolote.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayomtuliza bosi. Cheti cha kwanza kimeandika shaka ya kipimo ya asilimia 1, cha pili asilimia 2, vyote kwa k = 2. Maana yake kila maabara inasema: jibu letu ni hili, na ukweli tunauweka ndani ya ukanda huu kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Kwa cheti cha kwanza nusu ya ukanda ni kama 0.0010, kwa cha pili ni kama 0.0021. Kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao ni 0.0023. Tofauti ya majibu ni 0.0021. Gawa 0.0021 kwa 0.0023, unapata 0.91. Watu wa ugezi wanaiita namba hiyo En, na kanuni yake ni kwamba ikiwa chini ya 1 majibu mawili yanahesabiwa kuwa yanakubaliana. Umepona, ingawa kwa kupenyapenya.

Huko kupenyapenya hakunipi raha, na wewe usiridhike nako. Lazima tujue hiyo asilimia 2 imetoka wapi, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Ndani ya kihisi chako kuna kipande cha kauri au kioo cha pizoelektriki, na juu yake kimebanwa kipande kizito cha chuma. Kihisi kikisukumwa, chuma hicho kinakikandamiza kioo, na kioo kinatoa chaji. Kwa pigo la kwanza chaji hiyo ilifika kama pikokulombi 102, kwa la pili kama 521. Lakini chuma kilichokaa juu ya kioo ni sawa na mzigo uliokaa juu ya springi ngumu sana: kina mdundo wake chenyewe. Karatasi ya mtengenezaji uliyoniambatishia inasema mdundo huo wa kihisi chako uko kwenye masafa ya 25 kHz, yaani mitetemo 25,000 kwa sekunde.

Panda daladala Mwenge ukiwa umesimama, umeshika bomba. Dereva akipunguza mwendo polepole kuelekea kituoni, mwili wako unaegemea mbele kadiri ile ile gari linavyopungua. Akikanyaga breki ghafla, unakwenda mbele kupita kiasi, halafu unarudi nyuma na kuyumba kidogo kabla hujatulia. Breki ni ya gari, yumbo ni la mwili wako. Kihisi nacho ni hivyohivyo. Pigo refu kinalifuata kwa uaminifu. Pigo fupi kinalizidisha, kisha kinabaki kikilia kama kengele juu ya ishara ya kweli.

Kuzidisha huko kunakadirika. Pigo lenye umbo la nusu ya wimbi linalodumu milisekunde 2 ni kama masafa ya 250 Hz. Linalodumu milisekunde 0.2 ni kama 2,500 Hz, yaani sehemu ya kumi ya mdundo wa kihisi chako. Chukua uwiano huo, uuzidishe kwa wenyewe: 0.1 mara 0.1 ni 0.01. Asilimia 1. Kwa pigo refu, hesabu hiyo hiyo inakupa asilimia 0.01, kitu cha kupuuza. Kwa hiyo takriban nusu ya tofauti inayowagombanisha hapo ofisini ni tabia ya kihisi chenyewe, ilikuwamo tangu siku kilipotoka kiwandani. Ni makadirio ya haraka, kwa sababu pigo halisi lina kona zenye masafa ya juu zaidi ambazo hesabu hii haizioni, lakini yanatosha kuonyesha njia. Ukiiondoa asilimia hiyo moja kwenye cheti cha pili, jibu lake linashuka hadi kama 0.1032, na En inaanguka hadi 0.46 hivi. Hapo sasa mtu analala usingizi.

Kuna jambo lingine kuhusu mapigo hayo mawili ambalo wengi hulishangaa. Pigo la 5,000 linasikika kubwa mara tano ya lile la 1,000, sivyo? Lakini kwa kuwa ni fupi mara kumi, linabadilisha mwendo wa kihisi kwa 0.64 m/s tu, wakati lile "dogo" linaubadilisha kwa 1.27 m/s. Na wakati wa pigo refu kihisi kinasogea milimita 1.27. Wakati wa pigo fupi kinasogea milimita 0.064, karibu unene wa unywele mmoja. Hebu fikiria kazi ya kupima hicho kitu kwa usahihi wa asilimia 1 au 2, ndani ya sehemu mbili za elfu kumi za sekunde.

Maabara za taifa zinafanya hivyo kwa leza, na njia imeandikwa katika kiwango cha ISO 16063-13 cha mwaka 2001. Leza ya heli na neoni ina urefu wa wimbi wa nanomita 632.8. Mwanga unapigwa kwenye uso unaosogea, unarudi, unakutana na mwenzake ambaye hakusafiri, na kila uso unaposogea nusu ya urefu wa wimbi, yaani nanomita 316.4, mistari ya mwanga na giza inapita mara moja. Kwenye lile pigo fupi lako mistari kama 200 ilipita. Kwenye lile refu, kama 4,000. Uzuri wa njia hii ni kwamba haiegemei kihisi kingine chochote: inaegemea urefu wa wimbi la mwanga na saa, basi. Kwa hiyo nchi mbili ambazo hazijawahi kubadilishana hata bolti zinaweza kuanza kila moja kivyake na kufika kwenye namba ileile.

Zinaweza, lakini kuna mitego. Leza inatoa mwendo au umbali. Mchapuko unapatikana kwa kutafuta jinsi mwendo unavyobadilika, na hesabu hiyo hukuza kelele ndogondogo za ishara. Ili kuzizima, maabara huweka kichujio cha masafa. Kichujio kikibana sana kinakata kilele cha pigo, kikilegea sana kinaacha kelele zipandishe kilele. Maabara mbili zenye leza zilezile na vichujio tofauti zinaweza kutofautiana kwenye mapigo mafupi, na kwenye mapigo marefu zikakubaliana kabisa. Halafu kuna suala la leza inatazama wapi. Ikitazama fuawe, kile kipande cha chuma kinachobeba kihisi na kupigwa, pembeni mwa kihisi, na fuawe likawa linajikunja kidogo linapopigwa, leza inaona mwendo ambao si hasa ule uliokifikia kihisi. Ndiyo maana maabara makini hutazama nukta zaidi ya moja na kuchukua wastani.

Na mashine zenyewe hazifanani. Kwa mapigo ya kawaida hutumika nyundo na fuawe: kipande kimoja cha chuma kinarushwa, kinagonga kingine kilichoelea juu ya hewa au kilichoongozwa kwenye mfereji, na kati yao kunawekwa kitu laini ili kulipa pigo umbo. Kwa mapigo makali zaidi hutumika fito ndefu ya chuma au titani, inayobeba jina la Bertram Hopkinson wa Uingereza, aliyeeleza kazi yake mwaka 1914. Fito inapigwa upande mmoja, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani yake kwa kasi ya kama mita 5,000 kwa sekunde, na kihisi kilichofungwa upande wa pili kinalipokea. Nyundo na fuawe hutoa mchapuko unaopanda na kushuka mara moja, kama kilima. Fito mara nyingi hutoa kilima kikifuatwa na bonde, kwanza mbele kisha nyuma. Vilele vinaweza kuwa sawa kabisa kwa namba, na bado kihisi kimepewa vitu viwili tofauti. Kwa hiyo cheti cha mshtuko kinachotaja kilele peke yake, bila muda wa pigo na umbo lake, mimi nakirudisha.

Sasa swali lako la pili, nani anawakagua wakubwa. Wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, mbele ya kila mtu, na matokeo yanachapishwa hata kama yanaaibisha. Mzizi wake ni Mkataba wa Mita uliotiwa saini Paris tarehe 20 Mei 1875, na Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani, BIPM, iliyoko Sèvres. Tarehe 14 Oktoba 1999 taasisi za vipimo za mataifa zilisaini makubaliano ya kutambuliana vyeti, na sharti lake kuu ni kwamba utambuzi unajengwa juu ya milinganisho iliyofanyika kweli, yaani maabara kupima vifaa vilevile na kulinganisha majibu. Kwa upande wa sauti na mitetemo, kamati inayosimamia inaitwa CCAUV. Mlinganisho wake mkuu wa kwanza wa mitetemo, V-K1, ulifanyika mwaka 2000 hadi 2001 kwa masafa ya 40 Hz hadi 5 kHz, ukiongozwa na PTB, maabara ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, na maabara ya taifa ya Afrika Kusini ilikuwamo. Mshtuko ulisubiri sana. Mlinganisho wake mkuu ulipokuja ulipewa namba V-K4, ukahusu mapigo ya nguvu ndogo. Kuchelewa huko sikushangai: mtetemo ni wimbi moja linalojirudia na kila mtu analielewa vilevile, bali kabla ya kulinganisha pigo, lazima kwanza mkubaliane pigo ni nini.

Utaratibu wenyewe ni wa kuheshimika. Vihisi vinachaguliwa vile ambavyo tabia yake imetulia kwa muda, kwa kawaida kimoja cha upande mmoja na kimoja cha mgongo kwa mgongo, kinachoruhusu kihisi kingine kufungwa juu yake, kama chako. Maabara kiongozi inavipima kabla havijaondoka, katikati ya safari, na vikirudi, ili kujua kama kuna kilichobadilika njiani. Kila maabara inapewa maelekezo: mapigo gani, muda gani, bolti ikazwe kwa nguvu gani, kichujio kipi. Inapima kwa mtambo wake, inatuma jibu pamoja na shaka yake, na hakuna anayeona la mwenzake hadi wote wametuma. Kisha unapigwa wastani ambao maabara yenye shaka ndogo inapewa uzito mkubwa. Umbali wa kila maabara kutoka kwenye wastani huo, pamoja na shaka ya umbali huo, ndicho kinachochapishwa. Aliyejitapa kwa shaka ndogo kuliko uwezo wake anaonekana mara moja: ukanda wake haufiki kwenye wastani.

Matokeo hayo, na orodha ya uwezo uliokubaliwa wa kila maabara, yako wazi kwenye hifadhidata ya BIPM. Hakuna anayehitaji kibali kuifungua. Mwambie mshauri wa mradi aingie humo, atafute nchi zote mbili zilizowapa vyeti, aangalie upande wa mitetemo, kipengele cha mshtuko. Atakachotafuta ni kama mapigo yaliyo kwenye vyeti vyenu yamo ndani ya uwezo uliokubaliwa. Maabara ya taifa inaweza kuwa bingwa wa mtetemo na isiwe na chochote kilichokubaliwa kwenye mshtuko. Kwa hapa nyumbani, mlango wa kubisha ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, penye maabara ya ugezi ya taifa. Wako wanaokimbilia Wakala wa Vipimo kwa mambo haya, lakini wale kazi yao ni mizani ya sokoni, pampu za mafuta na mengine ya biashara.

Kabla hamjalaumu yeyote, kikagueni kihisi chenyewe kwa macho na kwa kidole. Miaka ya nyuma, nikiwa bado nashinda kwenye meza ya mapigo, nililetewa kihisi cha marejeo ambacho kwenye mapigo mafupi kilizidisha asilimia 3 na kwenye mapigo marefu kilikaa sawa. Tulibadilisha waya, tukabadilisha kikuza chaji, kile kifaa kinachokuza chaji ya kihisi ili isomeke, tukarudia siku mbili. Mwishoni nilikifungua, nikapitisha ukucha kwenye uso wa chini, taratibu, kuzunguka tundu la bolti. Ukucha ukanasa. Palikuwa na kiwimbi cha chuma kilichoinuka pembeni mwa uzi, kidogo hata jicho lilikuwa halikioni, pengine kilitokana na mtu aliyekaza bolti ikiwa imepinda. Kihisi kilikuwa kimekalia hicho kiwimbi badala ya kukaa uso kwa uso, na hapo kikapata springi ya ziada chini yake, mdundo wake ukashuka, na mapigo mafupi yakaanza kuzidishwa. Tulikisugua kwa jiwe laini lililolowekwa mafuta, tukafuta kwa spiriti, tukapaka mafuta mepesi tone moja, tukakaza kwa spana ya torki hadi N·m 2. Namba ikarudi.

Na hewa yetu ya pwani, usiisahau. Kikuza chaji kinasoma pikokulombi, kiasi kidogo mno cha umeme, na unyevu wenye chumvi ukiingia kwenye kiunganishi cha waya chaji inavuja kabla haijasomwa. Dalili yake inajulikana: baada ya pigo refu mstari haurudi kwenye sifuri, unazama chini na kupanda polepole. Viunganishi vioshwe kwa spiriti safi, vikaushwe, vifunikwe vifuniko vyake kila visipotumika, na usivishike kwa vidole vyenye jasho. Kiyoyozi cha chumba cha meza kiwashwe mapema asubuhi, si dakika tano kabla ya kazi, kwa sababu chuma cha fuawe kinachelewa kufika kwenye nyuzi 23 kuliko hewa inavyofika.

Sasa mfanye nini Jumatatu? Angalieni meza yenu inatoa mapigo gani. Uliniandikia kwamba mnakagua vihisi vya saiti kwa mapigo ya karibu 1,000 m/s² yenye muda wa milisekunde 1.5 hadi 2.5. Basi cheti chenu ni kile cha kwanza, 0.1021, hadi hapo kitakapopatikana kipya kwenye mapigo hayohayo. Cheti cha pili kiwekeni kwenye faili, ni cha thamani, kinawaambia kihisi kinafanyaje kwenye pigo fupi. Na kwa kuwa cheti cha kwanza kina miaka miwili, ongezeni kidogo shaka yenu kwa ajili ya muda uliopita. Mimi ningeandika asilimia 1.5 badala ya 1. Huo ni uamuzi wangu, mwingine angeandika 1.3.

Kwenye paili yenyewe jambo hili lina uzito. Nishati ya nyundo iliyofika kwenye paili mnaipata kwa kuzidisha nguvu na mwendo na kujumlisha kwa muda wote wa pigo, na mwendo unatoka kwenye mchapuko. Kihisi kikikosea asilimia 2, nishati nayo inakosea asilimia 2, na namba inayoandikwa kwenye ripoti inabeba kosa hilo bila mtu kuliona. Vihisi vya saiti mlivyovikagua mwaka huu kwa kutumia 0.1042 virudieni. Najua ni kazi, lakini ni ya siku moja.

Mkiandika barua ya ugezi ujao, msiandike "ugezi wa mshtuko" mkaishia hapo. Ombeni mapigo matatu au manne: milisekunde 2, milisekunde 1, milisekunde 0.5 na milisekunde 0.2, yote yakitajwa kilele na umbo. Ombeni cheti kitaje kichujio, torki, na kama kikuza chaji kilikuwa chenu au chao. Kikuza chaji kikiwa chenu, kipelekwe pamoja na waya wake uleule.

Nunueni pia kihisi cha pili cha aina ileile, kiwe mlinzi. Hicho hakisafiri. Siku ya kukipeleka cha marejeo, vifungeni vyote viwili mezani, pigeni mapigo kumi, andikeni uwiano wao. Kisha kibebwe kwenye begi la mkononi, ndani ya sponji, asikiweke mtu kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kikirudi, vifungeni tena vyote viwili na mpige kumi nyingine kabla ya kumwonyesha bosi cheti.